Mara Mbili ni Hapana

Otilia Mgaya ndiye aliyeandika ile ripoti. Kila mtu katika Kituo cha Itika pale Njombe alilijua hilo, kuanzia mkurugenzi hadi mama wa usafi, na wengi walimheshimu kwa sababu yake. Ilikuwa na kurasa kumi na nane, na maneno yake yote yalielekea mahali pamoja: hereni inayopima hofu sikioni mwa mwanamke isiendelee kumuuliza kama anataka msaada. Ikihisi hofu mara tatu kwa siku moja, ilete watu yenyewe.

Aliiandika baada ya kumpoteza mwenye hereni namba 1196. Siku hiyo Otilia alikuwa zamuni. Aliiona namba ile ikiwaka nyekundu kwenye kioo cha kompyuta, akaiona hereni ikimuuliza mwenyewe "Tuje?" Mwanamke akagusa mara mbili, yaani hapana. Ikauliza tena, akagusa mara mbili. Ikawa hivyo mara nne tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Mara ya tano hapakuwa na mguso wowote. Waitikiaji, watu wa mtaa wanaoitwa kusaidia, walipofika walikuta mlango umeachwa wazi na viazi vimeungulia kwenye sufuria. Mwanamke alikuwa chumbani, na hapakuwa tena na la kumuuliza.

Tangu siku hiyo Otilia hakuweza kuliona neno "hapana" kwenye kioo bila kukumbuka viazi vile. Ripoti ikapita ngazi zote. Wilaya moja jirani ikaijaribu kwa miezi sita, na majeruhi wakapungua kwa nusu. Sasa ilikuwa zamu yao. Mfumo mpya ungewashwa Alhamisi.

Jumatatu ya wiki hiyo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ndege za mizigo za kiwanda cha parachichi zilikuwa zimelazwa uwanjani kama ng'ombe. Otilia aliingia kazini saa moja na nusu akiwa na sweta mbili, akaweka chupa ya chai mezani, akavaa vipokea sauti. Mbele yake zikawaka namba elfu nne na ushee, kila moja ikiwa na mapigo yake ya moyo. Hapakuwa na majina. Waliouanzisha mfumo walisema tangu mwanzo kwamba orodha ya wanawake wanaoogopa ni kitu ambacho mume yeyote, au askari yeyote asiye mwaminifu, angelipa chochote aipate. Kwa hiyo jina na nyumba vilifungwa chini ya lakiri, na lakiri ilifunguliwa kwa funguo mbili, moja ya msikilizaji aliye zamuni, kama Otilia, na nyingine ya injinia. Mwanamke akigusa mara moja tu, mashine yenyewe iliwaita waitikiaji watano wa mtaa wake, ikianza na kiongozi wao, na ndani ya dakika nne wangekuwa mlangoni.

Hereni nayo haikubeba maneno. Ilisoma damu nyuma ya sikio, jasho, na ule mtetemo wa misuli ambao mtu hawezi kuuigiza. Ilijua kutofautisha mwanamke anayepanda mlima na kuni kichwani na mwanamke anayesikia geti likifunguliwa.

Saa mbili na dakika kumi, namba 3308 ikawaka.

Otilia aliijua. Mwezi huo peke yake ilikuwa imewaka mara kumi na saba, na mara zote kumi na saba mwenyewe alikuwa amegusa mara mbili. "Vumilia mama," Otilia alinong'ona. "Alhamisi hatutakuuliza."

Hereni ikauliza. Mguso, mguso. Hapana.

Msikilizaji alikuwa na njia moja ya kumfikia mwanamke, nayo iliitwa sauti ya kutuliza. Ilipita kwenye mfupa wa sikio na hakuna mwingine aliyeweza kuisikia. Ilikuwa ya kusema maneno machache tu yaliyoandikwa na Wizara: pumua, hauko peke yako, watu wako njiani. Kuzungumza mengine kulikatazwa. Otilia alisubiri mapigo ya 3308 yashuke, akahesabu robo saa nzima, kisha akabonyeza kitufe.

"Mama, mimi ni msikilizaji. Sikuulizi kama tuje. Nina maswali mengine, na unaweza kukataa kujibu. Uko peke yako sasa?"

Otilia alikitazama kioo, akadhani amemtisha. Halafu ukaja mguso mmoja.

"Anayekuogopesha ni mume?"

Mmoja.

"Unaogopa tukija atakuumiza zaidi tukishaondoka?"

Mmoja, kisha baada ya kitambo ikaja mingine miwili. Ndiyo, na hapana. Otilia aliegemea meza. Alihisi yuko karibu na jambo ambalo maswali ya Wizara hayajawahi kulifikia.

"Unaogopa kwamba waitikiaji hawatakuja?"

Miwili.

"Unaogopa kwamba watakuja?"

Mmoja, wa haraka.

Otilia aliinua macho. Ukutani mbele yake kulikuwa na picha za viongozi wa waitikiaji, mtaa kwa mtaa, wanaume na wanawake waliovaa fulana za kijani wakitabasamu.

"Mama. Mumeo ni mmoja wao?"

Mmoja.

"Ni kiongozi?"

Mmoja.

Alivua vipokea sauti, akavishika mapajani, akavivaa tena. Mara kumi na nane hereni ilikuwa imemuuliza mwanamke huyu "Tuje?", na kila mara alichosikia yeye ni: tumwite mumeo? Na Alhamisi isingemuuliza. Ingemwita tu. Simu ya mume ingelia, naye angesoma kwenye kioo chake kwamba ndani ya nyumba yake mwenyewe kuna mwanamke ambaye hereni yake inasema anaogopa.

"Nikifungua lakiri nikaja mimi mwenyewe, utakubali?"

Miwili.

"Una mahali pa kwenda?"

Mmoja.

"Kwa nini hujaenda? Ni pesa?" Miwili. "Ni mtoto?" Mmoja. "Mdogo?" Miwili. "Yuko shule? Bweni?" Mmoja. "Unasubiri shule ifungwe umchukue, msirudi nyumbani kabisa." Mmoja. "Gusa mara moja kwa kila siku iliyobaki."

Otilia alihesabu kwa vidole, kama mtoto. Tisa.

* * *

Mama Sanga, mkurugenzi, alikuwa mwanamke mwenye umri wa kustaafu ambaye alikataa kustaafu. Alimsikiliza Otilia mpaka mwisho bila kumkatiza, akiwa amekunja khanga mabegani juu ya koti. Gaudensi Mahenge, injinia aliyeichora hereni ya kwanza, alisikiliza akiwa amesimama dirishani.

"Umezungumza naye kwa sauti ya kutuliza," alisema Gaudensi.

"Nimezungumza."

"Dada Otilia, hilo peke yake lingeweza kukufukuzisha kazi. Lakini tuliache. Nipe namba. Tufungue lakiri, tumtoe huyo mtu kwenye uongozi leo hii, Alhamisi tuwashe mfumo. Yameisha."

"Mtamwambia anatolewa kwa nini?"

"Tutatafuta sababu."

"Na yeye ataitafuta ya kweli. Nyumbani kwake kuna mwanamke mmoja tu mwenye hereni." Otilia alijaribu kushusha sauti. "Nilimuuliza kama nifungue lakiri. Amekataa. Anamjua huyo mtu kuliko sisi. Anajua akishtuka atafanya nini, na anajua siku ya kutoka. Anachotaka ni siku tisa tu."

"Anachotaka yeye," alisema Gaudensi. Aligeuka kutoka dirishani, na Otilia akaona kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni. "Miaka miwili umesimama hapo hapo unaniambia kwamba mwanamke mwenye hofu hawezi kuachiwa aamue peke yake. Ulinishawishi. Nimezijenga hizi kanuni usiku na mchana kwa sababu ya 1196. Sasa nikuulize. Kwa hesabu zetu, kila wiki wanawake wawili katika wilaya hii wanajibu hapana, halafu wanapelekwa hospitali. Wawili, Otilia. Huyu wako unamjua, kwa namba. Na hao wawili usiowajua watakuwa wa nani?"

Tangu asubuhi Otilia alikuwa amejiuliza swali hilo hilo, na kila alipodhani amelijibu lilimrudia kutoka upande mwingine. Kama angewasha mfumo, angekuwa amemkabidhi 3308 mikononi mwa mumewe. Kama asingewasha, kuna mlango mahali fulani ambao usingefunguliwa kwa wakati.

"Zuia mtaa mmoja tu," alijaribu. "Mitaa mingine iwashwe."

"Viongozi wote watapewa orodha ya mitaa iliyowashwa. Mtaa mmoja ukirukwa, kiongozi wake atakuwa wa kwanza kuuliza kwa nini."

Mama Sanga aliivuta karatasi iliyokuwa mezani. Ilikuwa hati ya kuwasha mfumo, yenye nafasi tatu za sahihi. Mbili zilikuwa zimejazwa.

"Ripoti ni yako," alimwambia Otilia. "Sheria inataka aliyependekeza atie sahihi. Siwezi kukulazimisha, na sitakubebea. Ukitia, Alhamisi tunawasha. Usipotia, tunasubiri wiki moja, na chochote kitakachotokea katika wiki hiyo utakuwa umekijua kabla."

Gaudensi alisema taratibu, "Fikiria 1196."

"Ndiye ninayemfikiria," alijibu Otilia. "Alisema hapana mara nne, kaka. Nikaandika kurasa kumi na nane kusema alikosea. Sijawahi kuandika hata mstari mmoja kuuliza kwa nini alisema hapana."

Akaisukuma karatasi ikarudi kwa Mama Sanga, bila sahihi.

* * *

Alhamisi ilipita. Ijumaa ikapita. Namba 3308 iliwaka mara moja kila siku, ikaulizwa, ikajibu mara mbili, na Otilia hakusema naye tena, maana hakuwa na jambo la kumwongezea.

Jumamosi saa nne asubuhi ikawaka 0457.

Hii hakuijua. Ilikuwa imewaka mara moja tu mwaka mzima. Hereni ikauliza, ikajibiwa mara mbili. Dakika ishirini baadaye ikawaka tena, kali zaidi, ikajibiwa mara mbili. Otilia alisimama. Ilipowaka mara ya tatu aliangalia saa ya ukutani bila kutaka. Saa tano kasoro dakika tatu. Kwa mfumo mpya, sasa hivi simu tano zingekuwa zinalia.

"Dada," alisema kwa sauti ya kutuliza, "niruhusu nilete watu. Kama unamwogopa mmoja wao, gusa mara tatu. Kama ni hofu ya kawaida tu, niruhusu."

Mara mbili. Kisha mapigo yakaruka juu ghafla na hereni ikaacha kusoma mguso wowote.

Otilia alipanda ngazi mbio mpaka kwa Gaudensi. Naye alichomoa ufunguo wake shingoni wakarudi pamoja. Lakiri haifunguki kwa pupa: inaomba funguo, inaomba sababu, inaomba majina ya wafunguaji, inasubiri. Jina likatokea, Leokadia Mlowe, na nyumba nyuma ya ghala la mbegu. Waitikiaji wakaitwa. Tangu hofu ya tatu mpaka wanabisha mlango zilikuwa zimepita dakika kumi na moja.

Walimkuta hai. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika mara mbili, juu na chini ya kiwiko. Mwanamume alikuwa amekaa kwenye kochi akitazama televisheni iliyozimwa.

Gaudensi aliisoma taarifa ya mwitikiaji, akaisoma tena. Otilia alisubiri amlaumu. Gaudensi alimwekea mkono begani kwa muda kidogo, akarudi juu kwake, na kwa Otilia hilo lilikuwa zito kuliko maneno.

Jumapili hakwenda kanisani. Alilala akitazama dari. Alijaribu kuziweka dakika saba zilizopotea upande mmoja na siku tisa upande mwingine, akaona haziwekani hivyo, kwa sababu kila upande ulikuwa na mtu na mtu hagawanyiki.

* * *

Jumatano, siku ya tisa, saa tisa na robo alasiri, simu ya kituo ililia. Ilikuwa laini ya viongozi.

"Habari za kazi, mama," sauti ya mwanamume ilisema. Ilikuwa sauti nzuri, tulivu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Mimi ni Benitho Ngailo, kiongozi wa waitikiaji, mtaa wa Mianzini. Samahani kuwasumbua. Nina wasiwasi na mke wangu."

Otilia aliinua macho ukutani. Picha ya tatu, safu ya pili. Alikuwa na mwanya katikati ya meno ya juu, na alikuwa amembeba mtoto wa jirani.

"Nzuri, kaka. Wasiwasi gani?"

"Alikwenda shuleni kumchukua binti yetu, kidato cha pili. Walitakiwa wawe wamefika saa sita. Simu haipatikani. Unajua barabara zetu na huu ukungu. Nilikuwa naomba mfungue lakiri mara moja tu mniambie hereni yake iko wapi, niwafuate. Namba ninayo. Tatu, tatu, sifuri, nane."

Otilia alikuwa ameshaitazama. 3308 ilikuwa ya kijani katikati ya zile elfu nne. Mapigo sitini na sita kwa dakika. Katika mwezi mzima hakuwahi kuyaona chini ya tisini.

"Nimeiona," alisema. "Mkeo ni mzima, kaka Benitho. Hana hofu yoyote."

"Ashukuriwe Mungu. Basi niambie tu yuko upande gani."

"Hilo sitaweza."

"Mama, mimi ni kiongozi. Najua taratibu. Kukiwa na hatari lakiri inafunguliwa."

"Kukiwa na hatari kwake. Naangalia damu yake hapa, na hakuna."

Benitho alipozungumza tena, ule utulivu ulikuwa bado upo, lakini umebana kama kamba iliyovutwa.

"Amekwambia nini?"

"Hereni haibebi maneno. Unalijua hilo kuliko watu wengi."

"Nimekuuliza amekwambia nini huyo mwanamke!"

Otilia alinyoosha mkono akabonyeza kitufe cha kurekodi laini ya viongozi. Sheria ilimruhusu pindi kiongozi anapodai lakiri isivyo halali. Kisha akasema, "Kaka Benitho, kuanzia sasa mazungumzo haya yanahifadhiwa. Endelea."

Simu ikakatwa.

Alikaa akiitazama 3308. Saa kumi na moja kasoro dakika chache ilififia, ikatoweka kwenye kioo, kama hereni ifanyavyo inapovuliwa na mwenyewe kwa hiari. Otilia hakulifungua jina. Alilisikia siku nne baadaye, kutoka mkoa mwingine, pale mwenye jina alipoingia ofisi ya polisi huko kwa miguu yake, binti yake pembeni, akasema anataka kuandikisha maelezo juu ya Benitho Ngailo.

Mfumo uliwashwa wiki tatu baadaye, si kesho yake, maana Gaudensi mwenyewe alikataa kuuwasha ulivyokuwa. Aliukata katikati akauunga upya. Sasa kila mwanamke angeketi na msikilizaji wakati hereni iko shwari, achague watu watano anaowataka yeye, hata wa mtaa mwingine, hata mama yake, na majina hayo yangekaa chini ya lakiri. Hofu ya tatu ingewaita hao bila kumuuliza. Ripoti mpya ilikuwa na kurasa sita. Wizara ilimpa Otilia barua ya onyo kwa kutumia vibaya sauti ya kutuliza, na chini yake, kwenye karatasi hiyo hiyo, ikaomba nakala ya maswali aliyouliza.

* * *

Lakini kabla ya hayo yote, asubuhi iliyofuata simu ya Ngailo, Otilia alikwenda hospitali.

Leokadia Mlowe alikuwa amekaa kitandani karibu na dirisha, mkono wote wa kulia umefungwa hogo jeupe la plasta na kuning'inizwa kwa kitambaa. Alikuwa mdogo kuliko Otilia alivyotarajia, labda miaka ishirini na sita. Otilia alimpa pole, akaketi kwenye stuli, akajitambulisha.

"Wewe ndiye uliyesema nami," alisema Leokadia. "Ile sauti."

"Ndiyo mimi."

"Ulisema nikimwogopa mmoja wao niguse mara tatu. Sikuelewa. Nilikuwa nawaza tu watu wasije wakaona nyumba ilivyo. Tulikuwa hatujafagia." Alicheka kidogo, kicheko kikakatika. "Unaweza kuamini? Nilikuwa naona aibu ya nyumba."

Otilia aliinamisha kichwa. Alikuwa ameyapanga maneno tangu nyumbani, yote yakampotea, akabaki na ukweli mtupu. Akamweleza. Kwamba kulikuwa na mfumo ambao ungewaita watu bila kumuuliza. Kwamba ulikuwa uwashwe siku mbili kabla ya mkono wake kuvunjika. Kwamba ulizuiwa na mtu mmoja, naye ndiye huyu aliyeketi hapa. Akamweleza kwa nini, bila namba na bila mtaa.

Leokadia aligeukia dirishani. Nje, ukungu ulikuwa ukipanda taratibu kutoka kwenye mashamba ya chai.

"Kwa hiyo mlijua mtu kama mimi anaweza kuumia."

"Tulijua. Mimi nilijua."

"Na ukaacha."

"Nikaacha."

Muuguzi aliingia na chai, akaiweka mezani upande wa kulia, upande wa hogo, akatoka. Leokadia alikitazama kikombe bila kukigusa.

"Yule mwingine," alisema hatimaye. "Ametoka?"

"Ametoka jana. Na mtoto wake."

Leokadia aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea habari za ndugu wa mbali. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa kuwa mkono uliozoea kufuta ulikuwa umefungwa.

"Nimefurahi ametoka," alisema. "Kwako wewe bado sijui. Usiniulize leo."

"Sitakuuliza."

"Nikishajua nitakwambia mwenyewe."

"Nitakuja," alisema Otilia. "Ukitaka nije."

Leokadia alifikiri. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, akagusa ukingo wa kitanda kwa kidole kimoja, mara moja.